Kumlisha nyoka panya wa kwenye friza: kuyeyusha, kupasha moto na usafi wake

Kwa nyoka wa kufugwa, panya aliyekufa na kugandishwa ni salama kuliko panya hai. Panya hai akibanwa hung'ata. Akiachwa usiku kucha na nyoka asiye na njaa, anaweza kumtoboa jicho au kumtafuna mgongo hadi mfupa ukaonekana. Lakini usalama wa panya wa friza una sharti lake: baridi huwasimamisha bakteria, haiwaui. Barafu ikianza kuyeyuka tu, nao huanza kuzaana, na kuanzia hapo unashindana na kuoza. Karibu kila balaa katika kazi hii, iwe panya kupasuka, nyoka kukataa, nyoka kutapika siku ya tatu au mtu wa nyumbani kuharisha, chanzo chake ni joto lililokosewa, muda uliopitilizwa, au kitu kilichomgusa panya kikagusa kisichopaswa.

Anza na ukubwa. Mtazame nyoka pale mwili wake ulipo mnene zaidi. Panya awe na unene huohuo au azidi kidogo tu. Ukiwa na mizani, mlo wa nyoka mchanga huwa kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, na wa nyoka mzima asilimia 5 hadi 7. Wadogo hula kila baada ya siku 5 hadi 7. Wakubwa husubiri wiki mbili au zaidi kutegemea aina, na kuwazidishia huwajaza mafuta mwilini bila faida yoyote.

Panya wakae kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, ndani ya mfuko uliotolewa hewa na kuandikwa tarehe. Watumie ndani ya miezi sita, maana mafuta huchacha hata yakiwa yameganda, na vitamini E hupungua kadiri miezi inavyopita. Kama friza ni moja ya nyumba nzima, waweke kwenye chombo kigumu chenye mfuniko, rafu ya chini kabisa, ili kisidondoke kitu juu ya chakula cha watu.

Kuyeyusha

Njia bora ni ya polepole. Mtoe panya kwenye friza jioni, mwache ndani ya mfuko wake, mweke kwenye bakuli ndani ya friji ya nyuzi 4. Mtoto wa panya asiye na manyoya huyeyuka kwa saa chache, panya mdogo aliyekomaa usiku mmoja, na panya mkubwa wa gramu 250 anahitaji saa 24 hivi. Ukiwa na haraka, mzamishe kwenye maji baridi akiwa ndani ya mfuko usiovuja, ubadilishe maji kila nusu saa. Panya mdogo atachukua kama saa moja, mkubwa saa mbili au tatu.

Kuna njia tatu za kuepuka kabisa. Kumwacha mezani kutwa: nje anaoza huku ndani bado ni barafu. Maji yanayochemka: ngozi hupikwa, hulainika, kisha tumbo hupasuka nyoka anapombana. Na maikrowevu: humpika vipande vipande, sehemu moja ikiwa moto wa kuunguza na nyingine bado imeganda, na mara nyingi panya hupasuka humo humo.

Akishalainika, mpashe moto. Maji ya nyuzi 40 hadi 45, yeye akiwa bado ndani ya mfuko, dakika 10 hadi 15. Lengo ni ngozi ifikie nyuzi 37 au 38, joto la panya aliye hai. Mfuko una kazi yake hapa: panya aliyeloweshwa moja kwa moja hupoteza harufu, na nyoka wengi huamua kwa harufu.

Kisha kagua, na usiruke hatua hii. Mbonyeze tumbo kwa vidole viwili juu ya mfuko. Ukihisi kitu kigumu katikati kama kokoto, bado hajayeyuka. Mrudishe kwenye maji. Bonyeza na kichwa, kisha kunja miguu na shingo uone kama vinajipinda bila kukwama. Nyoka hana joto lake mwenyewe la kuyeyushia barafu, kwa hiyo kiini cha baridi hupoza tumbo lake kwa saa kadhaa, umeng'enyaji husimama, na panya huoza ndani ya nyoka kabla ya kusagika. Tumbo lililogeuka kijani, manyoya yanayong'oka kwa kuguswa au harufu kali vikionekana, tupa panya huyo bila kusita.

Mwisho mkaushe kwa karatasi za kufutia. Kwa chatu, kama chatu wa kifalme (Python regius), kuna jambo moja zaidi: ana vishimo kwenye midomo vinavyohisi joto, naye hulenga mahali penye moto zaidi. Chovya mfuko upande wa kichwa cha panya kwenye maji ya nyuzi 50 kwa nusu dakika kabla tu ya kumpelekea. Atashika kichwa kwanza, na panya huingia vizuri zaidi akitangulia kichwa kwa sababu miguu na manyoya hulala nyuma. Nyoka wa mahindi (Pantherophis guttatus) hana vishimo hivyo. Kwake harufu inatosha.

Kumpa

Tumia koleo refu la sentimita 30 au zaidi. Mkono ulioshika panya tu hunuka panya na una joto kama panya, na nyoka hawezi kuutofautisha. Mlishe ndani ya kizimba chake. Wako wanaomhamishia kwenye boksi la kulia wakihofia kwamba akilishwa kizimbani atazoea kushambulia mkono. Hofu hiyo haina msingi, ila kumbeba akiwa ameshiba kunaweza kumfanya atapike. Njia bora ya kumzoesha ni kumgusa mwilini kwa fimbo ndogo kila unapotaka kumshika. Atajifunza haraka kwamba mguso huo hauleti chakula.

Mshike panya kwa koleo kwenye nyonga, kichwa mbele, umsogeze taratibu kutoka pembeni. Usimshushe kutoka juu, maana ndivyo ndege wawindaji wanavyokuja. Nyoka akikamata, ngoja ajizungushe, kisha legeza koleo polepole na uondoke. Panya awe juu ya kigae au sahani bapa. Chembe mbili tatu za tandiko la sakafu ya kizimba zikimezwa si shida, lakini panya mwenye majimaji akiviringishwa kwenye vipande vya mbao hubeba konzi nzima, na hiyo inaweza kuziba utumbo au kuchoma kinywa.

Asipomkamata, mwache panya juu ya kigae, zima taa, funika kizimba. Asubuhi kama bado yupo, atupwe. Usimgandishe tena wala usimpashe mara ya pili. Kukataa mara moja si ugonjwa. Kama macho yamekuwa na ukungu wa bluu, anakaribia kujivua gamba, mngoje amalize. Nyoka aliyehamia wiki hii naye aachwe atulie. Chatu wa kifalme dume anaweza kugoma miezi kadhaa msimu wa kupandana, na kipimo cha kutazama ni uzito: akipungua zaidi ya asilimia 10, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayewajua reptilia.

Akishakula, usimguse kwa saa 48, na zaidi kama mlo ulikuwa mkubwa. Hakikisha upande wa joto una nyuzi 31 hadi 33 kwa chatu wa kifalme, na 28 hadi 30 kwa nyoka wa mahindi, kwa kipimajoto na si kwa kukisia. Akitapika, usimlishe tena haraka ukidhani ana njaa. Asidi imechubua koo na tumbo limepoteza bakteria wake wa kawaida. Mpe maji, mwache siku 10 hadi 14, kisha mlo wa nusu ya ukubwa wa kawaida. Akitapika tena, ni kazi ya daktari.

Usafi

Mchukulie panya huyu kuwa nyama mbichi yenye matumbo na kinyesi ndani, na nyoka mwenyewe kuwa mbebaji wa salmonela, bakteria wanaoharisha watu, hata akiwa mzima kabisa. Nchini Uingereza, mlipuko wa salmonela uliofuatiliwa tangu 2015 na kuwapata mamia ya watu ulihusishwa na panya waliogandishwa wa kulishia wanyama. Kwa hiyo bakuli, koleo na kipimajoto vya panya viwe vyake peke yake, viwekwe alama, visiingie jikoni. Maji ya kuyeyushia yamwagwe chooni, si kwenye sinki la vyombo. Nawa kwa sabuni sekunde 20 kila ukimaliza. Watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu wasishiriki kazi hii.

Vyombo na kigae visafishwe kwa hatua mbili, kwa sababu dawa haipenyi uchafu: kwanza maji ya moto na sabuni hadi mafuta yote yatoke, ndipo dawa. Sehemu moja ya dawa ya klorini ya kufulia kwa sehemu 30 za maji, ikae dakika 10, suuza vizuri, anika mpaka harufu iishe. Usiichanganye na siki wala kitu chenye amonia. Mvuke wake ni sumu. Dawa za fenoli na zile zenye mafuta ya msonobari zisikaribie kizimba kabisa, kwani humdhuru nyoka.

Bakuli la maji lioshwe siku inayofuata mlo. Kinyesi hutoka baada ya siku kadhaa. Kiondoe siku hiyohiyo pamoja na tandiko lililokizunguka, pamoja na ile sehemu nyeupe ya mkojo, kisha futa sakafu chini yake. Damu iliyobaki usoni mwa nyoka iache, itakauka na kubanduka. Ikibaki baada ya siku tatu, mfute kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, bila sabuni.