Somo: Jeki za haidroliki za trela ya kuishi, tangu kuegesha hadi kung'oa nanga

Somo hili ni la wenzetu walioko Marekani na Kanada wanaovuta trela kubwa za kuishi, zile ambazo shingo yake hulala juu ya bodi ya pikapu. Nyingi siku hizi zina jeki za haidroliki, yaani miguu inayosukumwa na oili, na kitufe kimoja cha kujisawazisha. Ukibonyeza, trela inanyanyuka, inayumba kidogo, kisha inatulia. Watu wamekizoea kitufe hicho hadi wamesahau kwamba mashine inapima pembe tu. Udongo haiujui, wala haijui kama magurudumu yamezuiwa. Hayo yamebaki kazi yako.

Usawa wenyewe si suala la kulala vizuri tu. Friji nyingi za trela zinazotumia gesi hazina kompresa. Ndani yake kuna maji na amonia vinavyozunguka kwa joto na kurudi chini kwa uzito wake. Trela ikiinama mno, majimaji hutuama karibu na moto, na friji inaweza kufa moja kwa moja. Mipaka inayotajwa mara nyingi ni nyuzi 3 kwa ubavu na nyuzi 6 kwa mbele na nyuma. Vyumba vya kusukuma nje, vile vinavyoipanua trela ikishaegeshwa, navyo hukwama au kula reli zake fremu ikiwa imejipinda.

Nguvu inatoka wapi

Kuna mota ya umeme wa volti 12, pampu, tangi dogo la oili, valvu za solenoidi (zinazofunguka na kufunga kwa umeme), na silinda, kwa kawaida nne au sita. Mota inazungusha pampu, pampu inasukuma oili, valvu zinaamua oili iende jeki gani. Mwanasayansi Mfaransa Blaise Pascal alieleza katika karne ya 17 kwamba mgandamizo juu ya kimiminika kilichofungiwa husambaa sawasawa pande zote, na mwaka 1795 Joseph Bramah akapata hataza ya mashine ya kukandamiza inayotumia kanuni hiyo. Jeki yako ni mjukuu wa mashine ile.

Tupige hesabu. Pistoni yenye kipenyo cha sentimita 5 ina eneo la karibu sentimita za mraba 19.6. Oili ikiwa na mgandamizo wa psi 2,000 (pauni kwa kila inchi ya mraba), yaani karibu kilo 140 kwa kila sentimita ya mraba, jeki hiyo moja inanyanyua karibu kilo 2,750. Ndiyo maana mota ndogo inaweza kuibeba nyumba nzima. Na ndiyo maana usiwahi kutafuta tundu la uvujaji kwa kupapasa paipu: oili inayochomoka kwa nguvu hiyo hutoboa ngozi, na jeraha lake ni la kukimbiza hospitali hata kama linaonekana dogo. Tumia kipande cha boksi.

Jeki ikishafika, valvu hufunga na oili haina pa kwenda. Pampu inazimwa, trela inabaki juu.

Hatua

1. Chagua kiwanja kwanza. Kitembelee kwa miguu kabla ya kurudisha nyuma. Jeki zina urefu wake; mteremko mkali hauponywi na kitufe. Ubavu mmoja ukiwa chini sana, pandisha magurudumu ya upande huo juu ya mbao pana kabla ya lolote.

2. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu, pande zote mbili, kabla hujaiachia trela. Pikapu ndiyo inayoishika. Ukiiondoa, kabari ndizo breki zako.

3. Tandika vibao chini ya kila jeki. Wengi wanaliruka hili, na mimi nalishikilia kuliko yote. Jeki inayobeba kilo 2,000 kwenye bamba la sentimita 25 kwa 25 inaukandamiza udongo kwa zaidi ya kilo 3 kila sentimita ya mraba. Weka kibao imara cha sentimita 50 kwa 50, mzigo unashuka hadi kilo 0.8. Mvua ikinyesha usiku, tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama utaamka ukiwa umelala upande.

4. Shusha jeki za mbele mpaka uzito wa shingo uondoke kwenye pikapu. Trela ya kilo 6,000 huweka karibu kilo 1,200 hapo. Fungua kufuli, chomoa waya wa umeme na kebo ya breki ya dharura, sogeza pikapu mbele.

5. Bonyeza kitufe cha kujisawazisha, na watu wote wawe nje au wametulia. Usitembee ndani; kipima pembe kinasikia hatua zako. Mfumo huanza na mbele na nyuma, kisha ubavu kwa ubavu. Mpangilio huo una sababu: ukinyanyua kona moja peke yake, fremu inajipinda. Ukifanya kwa mkono, fuata mpangilio huohuo.

6. Hakikisha magurudumu bado yamekanyaga ardhi. Yakining'inia yote, kabari hazina kazi tena. Kisha ndipo usukume vyumba nje. Siku ya kuondoka, kwa trela nyingi, ni kinyume chake: vyumba ndani, halafu jeki.

Na mtu asiingie uvunguni trela ikiwa imebebwa na jeki peke yake. Paipu ikipasuka hakuna muda wa kutoka.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, jioni naiacha sawa kabisa, asubuhi naikuta imeshuka kidogo, tena usiku inalia "tak, tak". Inavuja?*

Si lazima, ndugu yangu. Oili ikipoa husinyaa, na baridi ya usiku inaweza kuishusha jeki milimita chache. Sili zikiteleza kidogo kidogo ndiyo mlio huo. Ikishuka kwa sentimita, au ukiona unyevu mwekundu kwenye fimbo ya jeki, hapo una kazi.

*Oili naongeza ya aina gani, na lini?*

Fuata kitabu chako. Mifumo mingi hutumia oili ya gia otomatiki ya aina ya Dexron, ile nyekundu. Pima oili wakati jeki zote na vyumba vyote vimerudi ndani. Ukijaza zikiwa nje, ukizirudisha tangi linafurika. Futa kifuniko kabla ya kukifungua. Mchanga kidogo ukiingia unaharibu valvu.

*Kaka, niko Maskati. Tukipiga kambi mchangani itafaa?*

Inafaa, dada, ila kibao kiwe kipana zaidi, usawazishe mchanga kwa sepeto kwanza, na unyanyue kwa kiasi kidogo iwezekanavyo. Angalia tena baada ya saa moja.

*Imejisawazisha, lakini pima maji ninayoiweka sakafuni inaonyesha imeinama.*

Kipima pembe kimepoteza alama yake ya sifuri. Weka pima maji katikati ya trela, sawazisha kwa mkono mpaka utosheke, halafu iambie mashine kwamba hapo ndipo sifuri. Vitufe vya kufanya hivyo hutofautiana kwa kila mtengenezaji.

*Betri imekufa na jeki ziko chini. Naondokaje?*

Kwanza jaribu umeme wa kiwanja au betri ya pikapu. Mota inakunywa umeme mwingi, na mara nyingi betri dhaifu ndiyo ugonjwa wote. Ikishindikana, fungua kwa mkono valvu ya jeki unayoitaka kwa spana ya pembe sita. Pampu nyingi zina kichwa cha kuzungushwa kwa drili ya betri chini ya kibandiko nyuma ya mota. Upande mmoja unapandisha, mwingine unashusha. Kabla ya kuziinua za mbele, hakikisha shingo imeshafungwa kwenye pikapu. Ukimaliza, funga tena kila valvu uliyoifungua, la sivyo jeki itashuka yenyewe barabarani.