Kurekebisha taa za mbele za gari la zamani kabla ya ukaguzi

Mara ya kwanza nilipopeleka Toyota yangu ya miaka ya tisini kukaguliwa hapa Mbeya, nilirudi nyumbani bila stika, ingawa siku mbili kabla nilikuwa nimefunga globu mpya zenye nguvu kuliko zile za mwanzo. Mkaguzi alisimama hatua chache mbele ya gari, akaniomba niwashe dimu, yaani mwanga mfupi wa kupishana, akainua mkono kukinga uso wake na kuniambia, "Mzee, hii ya kulia inatupiga machoni." Taa ile ilikuwa imepinda kidogo tangu fundi wa bodi aliponyoosha bampa, na globu zangu kali zilikuwa zimeongeza tu ukubwa wa kosa. Tangu siku hiyo nimeshughulikia taa za magari kadhaa ya ndugu na majirani, na ninashauri kazi ifanywe kwa mpangilio huu: kioo, umeme, globu, na mwisho kabisa mwelekeo, kwa sababu kila ukibadilisha globu mwelekeo nao huweza kuhama.

Chunguza kwanza mwanga unapopotelea. Taa ikiwa imezimwa, angalia ndani ya kioo kwa kutumia tochi. Ukiona reflekta, yaani sehemu ya ndani inayorudisha mwanga mbele, imepoteza mng'ao na kuwa na rangi ya kijivu, au imebabuka kama kioo cha kujitazamia kilichochakaa, usipoteze fedha kwenye globu wala kwenye msasa, kwani reflekta iliyokufa hairudi kwa kufutwa. Tafuta taa nzima iliyotumika ambayo ndani yake bado ni safi. Uliza pia gari lilikotoka. Magari ya Japani huendeshwa upande wa kushoto kama ya kwetu, kwa hiyo taa zake zinafaa, lakini lililotengenezwa kwa ajili ya nchi zinazoendesha upande wa kulia huinua mwanga wa dimu kuelekea kulia, yaani usoni mwa anayekuja, na dawa yake ni kubadilisha taa zenyewe.

Kioo cha plastiki ndicho kinachosumbua wengi. Mji wa Mbeya upo kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700, na jua la mwinuko huo hula haraka utando unaolinda plastiki, hata kama hewa ni ya baridi. Vioo vya taa za zamani zaidi, ambavyo ni vioo kweli, havipatwi na umanjano huu na havihitaji msasa. Kwa kioo cha plastiki, osha taa kwa sabuni, bandika utepe wa karatasi kuzunguka rangi ya gari, kisha anza na msasa wa maji namba 800, ukifuatia 1500 na kumalizia 2000, huku ukimwagia maji muda wote. Maji yatakayotiririka mwanzoni yatakuwa ya manjano. Huo ndio utando uliooza unaotoka. Endelea na namba hiyo ya kwanza mpaka maji yawe meupe kama ya mchele na uso wote uwe na ukungu ulio sawa, bila mabaka, kwa sababu baka lolote utakaloliacha hapa litaonekana hadi mwisho. Kila unapobadilisha msasa, badilisha na upande wa kusugua, ili uone kama mikwaruzo ya msasa uliotangulia imekwisha. Baada ya hapo tumia kompaundi ya mafundi rangi na kitambaa laini hadi kioo kiwe angavu.

Watu wengi huishia hapo, na baada ya miezi michache umanjano hurudi, kwa kuwa plastiki imeachwa uchi juani. Pulizia klia, yaani vanishi angavu, inayozuia mionzi ya jua, tabaka mbili nyembamba. Nyanda za juu zinahitaji uangalifu wa pekee katika hatua hii: ukipulizia asubuhi yenye ukungu, au jioni ya Juni wakati baridi imeshaanza kuuma, unyevu hunaswa ndani ya klia na kuifanya iwe nyeupe kama maziwa. Subiri saa sita au saa saba mchana, siku kavu. Dawa ya meno inayosifiwa sana vijiweni hung'arisha kwa muda mfupi tu, nami siipendekezi kwa gari linalosafiri usiku.

Sasa pima umeme. Washa injini na dimu, weka testa ya kupimia volti kwenye betri, kisha kwenye pini mbili zinazolisha dimu nyuma ya globu. Betri ikionyesha volti 14 na kwenye globu ukapata 12.5, nyaya zimekula volti moja na nusu, na taa ya halojeni ikipungukiwa volti moja tu hupoteza karibu robo ya mwanga wake. Kusafisha kutu kwenye waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi, pale unapofungwa kwenye bodi, na chumvi kwenye vichwa vya betri, mara nyingi kunatosha. Usipoona mabadiliko, mwombe fundi umeme akufungie rilei, yaani swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme, inayochukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia fyuzi, ili swichi ya zamani ibakie na kazi ya kuamuru tu. Mkumbushe kwamba Toyota nyingi za umri huu hukatia umeme wa taa upande wa athi badala ya upande wa chanya, maana akifunga kwa mazoea ya magari mengine, taa hazitafanya kazi inavyotakiwa.

Kuhusu globu, baki na kipimo cha kiwanda, ambacho kwa H4, aina ya globu yenye fulu na dimu pamoja, ni wati 60 kwa fulu (mwanga mrefu) na 55 kwa dimu. Zile nilizonunua mimi zilikuwa za wati 100 na 90. Nilipozichomoa, soketi ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia na pini moja imezama ndani ya plastiki iliyoyeyuka. Globu za LED zinazochomekwa kwenye taa ya halojeni nazo huwa na kasoro yake: chanzo cha mwanga kisipokaa pale pale palipokuwa na waya wa halojeni, reflekta hutawanya mwanga ovyo. Nunua mbili kwa pamoja, usiguse kioo chake kwa vidole, na uhakikishe kitako kimekaa sawasawa, kwani globu iliyokaa upande hutoa mwanga usiorekebishika kwa skrubu yoyote.

Mwelekeo hupimwa jioni, penye sakafu tambarare na ukuta, jambo linalohitaji kutafutwa katika mitaa yetu ya miteremko. Jaza upepo wa matairi kwa kipimo, ondoa mizigo, na mtu akae kwenye kiti cha dereva. Kama gari lina kitufe cha kushusha taa, kiweke kwenye sifuri. Sogeza gari karibu kabisa na ukuta, uweke alama ya katikati ya kila taa, kisha urudi nyuma mita 10 kwa mstari ulionyooka. Ukiwasha dimu, ukingo wa juu wa mwanga uwe sentimita 10 hadi 15 chini ya alama; nafasi ikiwa ni mita 5 tu, nusu ya kiasi hicho. Upande wa kulia ukingo uwe bapa, na upande wa kushoto uinuke kidogo kumulika pembezoni mwa barabara. Funika taa moja kwa kitambaa kizito kwa muda mfupi unaporekebisha nyingine, na zungusha skrubu robo mzunguko kwa robo mzunguko. Skrubu ikizunguka bila mwanga kusogea, kishikizo cha plastiki nyuma ya taa kimevunjika na lazima kibadilishwe kwanza.

Sentimita hizo chache nimeziona thamani yake Isyonje, kwenye barabara ya Tukuyu, ambako ukungu huugeuza mwanga uliopanda juu kuwa ukuta mweupe mbele ya dereva. Kabla ya kwenda kukaguliwa, endesha gari siku mbili au tatu kisha upime tena ukutani. Mimi huweka doa la rangi nyeupe linalogusa skrubu na fremu yake, ili ikilegea kwa mtikisiko niione mara tu ninapofungua boneti.