Nyumba ya bondeni: amua saa ya kuondoka wakati jua bado linawaka

Mimi ni fundi umeme, nakaa Kigogo, upande unaoteremkea Mto Msimbazi. Masika ikikaribia wateja huniuliza waweke akiba gani ndani: mchele kilo ngapi, mishumaa, madumu mangapi ya maji. Hayo tutayafikia. Mimi huwarudishia swali: maji yakifika wapi mtatoka? Wengi hawana jibu. Wanasema, "Tutaangalia hali." Hali ya kuangaliwa saa nane usiku, umeme umekatika na watoto wamelala, haiangaliki.

Kwa hiyo anza na alama. Tafuta kitu kisichohama kilicho kati ya nyumba yako na mto: nguzo, mnazi, ukuta wa choo cha jirani wa chini. Muulize mtu aliyekaa mtaani miaka mingi maji ya Desemba 2011 yalifika wapi. Atakuonyesha kwa kidole, maana mafuriko yale yaliua makumi ya watu hapa Dar es Salaam, na wengi wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Ukishajua, chukua rangi ya mafuta upige mistari miwili. Mstari wa njano ni wa kupandisha vitu juu. Mwekundu ni wa kufunga mlango na kwenda. Huo mwekundu uuweke chini kuliko moyo wako unavyotaka, kwa sababu lazima ufikiwe wakati njia yenu ya kutokea bado ni kavu. Maji yanayokwenda kasi, hata ya kina cha sentimita 15, yaani juu kidogo ya kifundo cha mguu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 60 yanabeba gari. Tena maji ya Msimbazi ni ya rangi ya chai ya maziwa: huoni mtaro, huoni shimo la choo lililofumuka mfuniko.

Usitegemee kuangalia mawingu ya juu ya paa lako. Mto huu unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe. Inaweza kunyesha kule huku kwetu watu wameanika nguo, na baadaye mto ukaja umejaa. Sikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Wakitoa angalizo, chaji simu na tochi. Wakipandisha kuwa tahadhari, usiku ule mtu mzima mmoja asilale. Apeane zamu na mwenzake kwenda kumulika alama. Nyumba ya wapangaji inalifanya hili vizuri kuliko familia moja, kwa kuwa watu wa kupokezana zamu wapo.

Sasa umeme, na hapa mnivumilie, ndiyo kazi yangu. Nyumba nyingi za huku zina meni swichi, yaani swichi kuu ya umeme, moja kwa vyumba sita au vinane, nayo iko ndani ya kasha la chuma lenye kufuli, funguo kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba anakaa Mbagala. Huo ni mtego. Mfuateni kwa adabu wiki hii, awaachie funguo ya pili, ikae mahali ambapo kila mpangaji anapajua. Kisha kila mkubwa wa nyumba, akina mama na vijana pia, aoneshwe swichi ile na aizime kwa mkono wake mara moja. Umeme uzimwe kwenye mstari wa njano, sakafu ikiwa kavu. Maji yakishaingia ndani na wewe umesimama ndani yake, usiguse meni, usichomoe friji, usiokote ekstensheni. Toka tu. Na kama unajenga au unakarabati, mwambie fundi apandishe soketi hadi usawa wa kifua. Atakwambia haipendezi. Mlipe apandishe.

Mtungi wa gesi nao una vituko. Watu hudhani kwa uzito ule utatulia, kumbe maji yakipanda unaelea na kugonga kuta mpaka mpira unachomoka. Funga koki, chomoa regyuleta, ufunge mtungi kwa kamba kwenye nondo za dirisha. Na mtakapokuwa mmejibanza chumba kimoja kwa baridi ya mvua, msiingize jiko la mkaa na kufunga mlango. Hewa yake haina harufu na inaua watu usingizini.

Nyaraka: tangu mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku mwaka 2019, kilicho bora ni ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana. Ioshe, ikauke kabisa. Ndani weka vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA, kadi za kliniki na za bima, vyeti vya shule, karatasi ya mauziano ya kiwanja au mkataba wa pango. Kila karatasi ipige picha na umtumie ndugu aliye mbali. Humo humo iingie dawa ya anayetumia kila siku. Mama mkwe wangu ni wa presha, na vidonge vyake vya akiba vinakaa kwenye ndoo, vinabadilishwa kila anapotoka kliniki. Mwenye kisukari, mwenye ARV, mwenye pumu, vivyo hivyo. Ongeza tochi, redio ndogo ya betri, na pesa taslimu za noti ndogo ndogo, kwa sababu mtandao ukikatika na wakala kafunga, salio la kwenye simu halikununulii hata mkate. Ndoo ikae karibu na mlango. Ukiisukuma uvunguni, saa ya mbio utaiacha.

Chakula kwa kweli hakinisumbui. Ukitoka mapema utakula huko uendako. Maji ya kunywa ndiyo ya kuweka, madumu mawili matatu yaliyofungwa vizuri, kwa kuwa baada ya mafuriko bomba haliaminiki na kisima ndiyo kabisa.

Huko uendako, kwanza angalia mto uko upande gani. Jamaa zetu wengi wako Ilala na Kariakoo, ng'ambo ya mto, lakini barabara ya Jangwani maji yakijaa hufungwa, na daraja dogo la mtaani si la kuvukia usiku. Sisi tunaelekea Magomeni kwa shemeji, upande wetu huu huu, na shemeji anajua. Hatutamgongea kama wageni wa ajabu. Kubalianeni pia mahali pa kukutania kama mmetawanyika. Februari 2011 mabomu ya ghala la jeshi yalipolipuka Gongo la Mboto usiku, watu walikimbia kila upande na watoto wengi wakapotezana na wazazi. Mtoto anayeweza kuimba nyimbo za matangazo ya redio anaweza kukariri namba moja ya simu. Mdogo zaidi mwandikie kwa kalamu mkononi. Namba za dharura, 112 ya polisi na 114 ya zimamoto na uokoaji, ziandikwe ukutani kwa herufi kubwa.

Nimeona kinachowarudisha watu ndani: si ubishi, ni vibaka. Mtu amehangaika miaka mitatu kupata televisheni, humwambii aiache hivi hivi. Lisemeni mapema kwenye kikao cha wapangaji, mjumbe awepo. Televisheni, cherehani na godoro vipandishwe juu ya kenchi, zile mbao za paa, maji yakifika mstari wa njano, vijana wawili watatu walinde mtaa wakiwa sehemu ya juu, wala si ndani ya nyumba. Mjumbe awe na orodha ya wasioweza kutembea wenyewe, na kila mmoja apewe mtu wa kumbeba, kwa jina.

Mkirudi, vaeni gambuti. Maji yale yamechanganyika na vyoo, na wapo wanaongojea mvua hasa ili watapishe vyoo vyao. Aibu yao, lakini kipindupindu ni chetu sote. Unga na mchele uliolowa, tupa. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au tia WaterGuard, dawa ya kusafisha maji, kama pakiti inavyoelekeza. Mtu akianza kuharisha na hamna pakiti za ORS, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta, anywe kidogo kidogo huku mkimpeleka kituo cha afya.

Meni msiiwashe. Soketi zifunguliwe, matope yatolewe, waya zipimwe kwanza. Friji lifunguliwe mlango likauke kabisa, hata kama mnatamani maji baridi. Mkishaliwasha likagoma, hapo ndipo mniite.