Maandalizi ya Dharura kwa Kaya Zilizo Ughaibuni

Nyumbani, ukipiga yowe usiku, majirani hutoka. Katika miji mingi ya ughaibuni yowe halimtoi mtu ndani, hivyo msaada wa kwanza hutegemea simu, nayo simu hufaa tu ikiwa anayeipiga anaijua namba na anajua mahali alipo.

Namba ni 911 Marekani na Kanada, 999 au 112 Uingereza, 112 katika nchi zote za Umoja wa Ulaya, na 000 Australia. Kwa maoni yangu, kinachokwamisha zaidi ni anwani. Mama au baba mzee aliyekuja kulea wajukuu huijua vizuri njia ya kurudi nyumbani, lakini mara nyingi hawezi kutaja jina la mtaa, namba ya jengo, ghorofa na mlango. Iandike anwani hiyo kwa herufi kubwa pamoja na namba ya dharura, uibandike karibu na mlango, kisha mfanye mazoezi nyumbani, mmoja wenu akijifanya mpokeaji simu, hadi mzee na watoto waitaje bila kusitasita. Wafundishe pia kutamka jina la lugha yao kwa lugha ya nchi mnayoishi, kwa kuwa vituo vingi huweza kumwunganisha mpigaji na mkalimani, na wasikate simu wanaposubiri.

Hatari ninayoihofia zaidi kwa jamii zetu ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Umeme ulipokatika Texas wakati wa baridi kali ya Februari 2021, watu wengi walidhurika na wengine kufa kwa gesi hii baada ya kuwasha mkaa au jenereta ndani, au kuacha gari likiunguruma gerejini ili wapate joto. Sisi tuliozoea jiko la mkaa tukumbuke kwamba nyumba za nchi za baridi huzibwa ili joto lisitoke, kwa hiyo hata hewa chafu hubaki humo humo. Wote mliomo mkianza kuumwa kichwa, kuona kizunguzungu na kichefuchefu kwa wakati mmoja, tokeni nje kwanza, ndipo mpige simu. King'ora cha moshi cha kawaida hakiitambui gesi hii. Kinahitajika king'ora chake, na vyote viwili vijaribiwe kila mwezi.

Akiba ya maji iwe takriban lita 4 kwa kila mtu kwa siku, isipungue ya siku tatu. Sweden huwahimiza wakazi wake wajiandae kwa wiki nzima. Ongezeni tochi, redio ya betri, dawa za kila siku, fedha taslimu, na nakala za pasipoti na vibali vya ukaazi.

Vikundi vya WhatsApp vya jamii vifanye kazi zaidi ya kutangaza misiba na harusi. Msitangaze humo tarehe za safari, kwani mnaeleza nyumba itakuwa tupu lini. Pangeni nani atampigia nani, hasa wanafunzi na wafanyakazi wa zamu wanaoishi peke yao: asipopokea simu jioni wala asubuhi, mtu aende mlangoni kwake, na mlango usipofunguliwa, polisi waombwe kuja kuangalia hali yake. Ufunguo wa akiba ukiwa kwa mwenzake anayemwamini, anayeishi karibu, hakutakuwa na haja ya kuvunja mlango.