Mkopo wa HESLB kwa anayemaliza kidato cha sita: nyaraka kwanza, fomu baadaye

Dirisha la kuomba mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Tanzania, kwa kawaida hufunguliwa Juni na kufungwa mwishoni mwa Agosti. Kwa kutazama kalenda, muda unatosha. Lakini mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, na baada yake vijana wengi huitwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria. Dirisha linapokuwa wazi mwombaji yuko kambini, na mzazi aliyebaki nyumbani hajui hata namba ya mtihani ya mwanawe ya kidato cha nne. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii ifanyike kati ya Januari na Aprili, mwanafunzi akiwa bado shuleni. Kujaza fomu ni kazi ya alasiri moja. Kinachokula wiki nzima, wakati mwingine miezi, ni vyeti.

Majina yalingane herufi kwa herufi

Chukua matokeo ya kidato cha nne na cheti cha kuzaliwa, viweke pamoja mezani, usome jina herufi moja moja. Mfumo wa mkopo hautegemei jina unalolipenda wewe. Unavuta taarifa za NECTA, Baraza la Mitihani, kwa namba ya mtihani ya kidato cha nne, kisha jina hilo linalinganishwa na la cheti cha kuzaliwa. "Saidi" na "Said" kwa mashine ni watu wawili. Kosa la kawaida zaidi liko kwenye jina la tatu: shuleni mtoto aliandikishwa kwa jina la babu, kwenye cheti cha kuzaliwa likaandikwa la ukoo.

Pakiwa na tofauti, usikimbilie kubadili vyeti vya shule. Jina lililokwisha kuingia kwenye mtihani wa taifa ni gumu sana kulihamisha, na vyeti vyote vya baadaye vinalifuata hilo hilo. Kama tofauti ni ya herufi, anzia ofisi ya wilaya ya RITA, wakala anayesajili vizazi na vifo, uombe marekebisho ya cheti cha kuzaliwa. Kama jina zima ni jingine, utahitaji wakili akuandalie hati ya kubadili jina, nayo isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Hilo si jambo la kuanza Agosti.

Kuwa na cheti hakutoshi, lazima kihakikiwe

Hapa ndipo wengi hukwama. Cheti cha kuzaliwa unacho kabatini, kina muhuri, lakini HESLB wanataka kiwe kimehakikiwa na RITA. Unafungua akaunti kwenye mfumo wa RITA mtandaoni, unapakia nakala ya cheti, unalipa ada ya uhakiki, unasubiri. Kikikubalika unapata namba ya uhakiki, na namba hiyo ndiyo utakayoiingiza kwenye maombi ya mkopo. Cheti cha aliyezaliwa Zanzibar huhakikiwa na ZCSRA, wakala wa usajili wa huko, badala ya RITA. Kwa mzazi aliyefariki nje ya nchi, au mwombaji aliyezaliwa huko, inatakiwa barua kutoka mojawapo ya ofisi hizo mbili.

Skani cheti halisi. Usiskani fotokopi. Fotokopi ya fotokopi hufuta namba ya ingizo, na bila namba hiyo kusomeka mhakiki hana pa kuanzia kutafuta. Ukitumia simu, weka cheti penye mwanga wa mchana, pembe zote nne zionekane, kisha hifadhi kama PDF. Ukipeleka Machi, kikirudishwa kwa kasoro bado una nafasi ya kurekebisha. Ukipeleka wiki ya mwisho ya Agosti, uko kwenye foleni moja na nchi nzima.

Cheti cha kifo cha mzazi hupitia njia hiyo hiyo. Tatizo kubwa ni la wale ambao mzazi alifia kijijini, akazikwa, na kifo hakikusajiliwa. Anzia kwa mtendaji wa kijiji au kata upate barua, beba na kibali cha mazishi kama kipo, nenda ofisi ya RITA wilayani. Yatima asiye na cheti cha kifo, kwenye mfumo anahesabika ana wazazi wote wawili. Tunasisitiza hili kwa sababu ndio wanaostahili zaidi, na ndio wanaopoteza zaidi.

Uhitaji unaonekana kwenye karatasi tu

Bodi haiji nyumbani kwenu. Inakujua kwa ulichopakia, basi pakia kila ushahidi unaokuhusu. Kama kaya yenu inahudumiwa na TASAF, mfuko wa Serikali unaosaidia kaya maskini, tafuta namba ya kaya kwa mratibu au kwenye kitambulisho cha mnufaika. Mwombaji mwenye ulemavu hutumia fomu ya ulemavu ya mwanafunzi, na kama mwenye ulemavu ni mzazi ni fomu ya ulemavu ya mzazi. Zote husainiwa na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa, ambaye si lazima umkute ofisini siku uliyokwenda.

Kuna kundi linalosahaulika: mtoto wa familia duni aliyesomeshwa shule ya binafsi na mfadhili. Jina la shule lenyewe linamfanya aonekane ametoka kwenye nyumba yenye uwezo. Huyu anahitaji barua ya taasisi au mtu aliyemlipia ada, ikisema ni miaka ipi aliyofadhiliwa. Iombe kabla hujaondoka shuleni, kwa kuwa wafadhili huhama na ofisi hufungwa.

Kujaza na kusaini

Soma kwanza mwongozo wa mwaka husika unaotolewa na Bodi. Hubadilika, na ule wa mwaka jana uliopewa na kaka haukuhusu. Kisha jisajili kwenye OLAMS, mfumo wa Bodi wa kuombea mkopo mtandaoni, kwa namba ya kidato cha nne. Aliyerudia mtihani ana namba zaidi ya moja. Aziandike zote panapotakiwa, na namba anayotumia kuombea mkopo iwe ndiyo ile ile aliyoombea chuo. Mkopo na udahili hukutanishwa kwa namba hiyo. Ukitumia ya 2022 huku na ya 2023 kule, chuo kinakujua, Bodi inakujua, lakini mifumo inaona watu wawili wasiohusiana.

Ada ya maombi ni shilingi 30,000 na hairudishwi. Mfumo unakupa kumbukumbu namba ya malipo, unalipia benki au kwa simu kupitia menyu ya malipo ya Serikali. Usimtumie mtu pesa kwenye namba yake binafsi eti akulipie.

Na hapa neno kuhusu steshenari. Wengi hujaziwa fomu huko, wala si vibaya. Lakini barua pepe na namba ya simu viwe vyako, na nywila uitunge wewe na kuiandika kwenye daftari lako. Kijana wa steshenari akisajili kwa namba yake, ujumbe wa dosari utaingia kwenye simu yake mwezi Septemba, na huenda wakati huo alishahama mtaa. Kaa pembeni yake, soma kila ukurasa kabla hajabonyeza.

Ukimaliza, unachapa fomu na mkataba. Zinahitajika sahihi yako, ya mdhamini, ya kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, na ya kamishna wa viapo, yaani wakili au hakimu. Mdhamini awe mtu unayeweza kumfikia kwa miguu au kwa daladala moja. Mjomba aliye mkoa mwingine atakuchelewesha. Awe na kitambulisho kinachotambulika, cha taifa (NIDA) ndicho salama zaidi, na picha ya pasipoti. Asome anachosaini, maana ni dhamana ya deni. Kwa wakili nenda mwisho, nafasi nyingine zote zikiwa zimejazwa, na hakikisha muhuri haukufunika maandishi.

Skani kurasa zenye sahihi, zipakie, kisha tuma. Kuhifadhi si kutuma. Kila mwaka wapo wanaoiacha fomu ikiwa imekamilika kila kitu isipokuwa kitufe cha mwisho.

Anayekwenda JKT amwachie mzazi bahasha moja yenye nakala za vyeti, namba za mtihani, namba ya uhakiki ya RITA, picha na nywila, ili akitoka kambini kibaki kusaini na kupakia tu.

Upande wa chuo

Mkopo hauna kazi bila udahili. Matokeo yakitoka Julai, maombi ya vyuo hupelekwa moja kwa moja kwenye mfumo wa kila chuo, na mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) unaonyesha sifa za kila programu. Kiwango cha chini kwa jumla ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi (principal) wenye jumla ya pointi 4, kwa hesabu ya A 5, B 4, C 3, D 2, E 1. General Studies haihesabiwi. Ukichaguliwa vyuo viwili au zaidi, unathibitisha kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa simu. Usipothibitisha, huingii kwenye orodha ambayo Bodi huipangia mikopo.

Waliofaulu kwa daraja la juu zaidi masomo ya sayansi waangalie pia Samia Scholarship, ambayo ni ufadhili na si mkopo.

Baada ya kutuma

Ingia kwenye akaunti yako kila wiki. Baada ya Agosti Bodi hutoa siku chache za kurekebisha kwa wenye dosari: sahihi iliyokosekana, picha isiyosomeka, cheti kisichohakikiwa. Siku hizo zikipita zimepita. Mikopo hutangazwa kwa awamu na kiasi chako utakiona kwenye SIPA, akaunti yako binafsi ya mkopo mtandaoni. Kukosa awamu ya kwanza si kunyimwa.

Fedha ya chakula na malazi, boom, huhesabiwa shilingi 10,000 kwa siku na hutolewa kwa mikupuo. Vitabu na viandikwa ni 200,000 kwa mwaka. Ada hulipwa chuoni moja kwa moja, lakini kwa asilimia uliyopangiwa. Ukipewa asilimia 60 ya ada ya 1,300,000, Bodi inalipa 780,000 na nyumbani mnatafuta 520,000. Piga hesabu hiyo siku ile ile unayoona kiasi chako, kabla ya kufunga begi. Nayo ni deni: ukiajiriwa, mwajiri atakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 120,000 kwenye mshahara wa 800,000.

Kama kiasi ni kidogo kuliko hali yenu, au umekosa kabisa, subiri dirisha la rufaa. Rufaa inayorudia maelezo yale yale haisaidii. Inayosaidia ni ile yenye waraka mpya: cheti cha kifo kilichokuwa hakijatoka, fomu ya ulemavu, barua ya mfadhili.

Boom ya kwanza haingii siku unayofika. Lazima usajiliwe chuoni kwanza, kisha usaini malipo. Beba fedha ya kula ya mwezi mmoja, pamoja na michango ambayo mkopo haulipi kama bima ya afya na kitambulisho, na vyeti halisi ndani ya begi la mkononi, si kwenye mzigo wa chini ya basi.