Somo: Floraidi kwenye maji na mafuta ya kupikia, pima kwanza ndipo utupe

Habari zenu wanachama. Naona wengi wanatupa dawa ya meno yenye floraidi na kukimbilia mafuta ya bei kubwa kwa hofu, huku maji ya kisima wanayokunywa kila siku hayajawahi kupimwa na mafuta ya karai yanarudiwa mpaka yanakuwa meusi. Inaniuma, kwa sababu watakaoumia zaidi ni watoto. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Jua inakotoka

Floraidi ni madini yaliyomo kwenye miamba, hasa ya volkano na ya matale. Maji yakikaa muda mrefu chini ya ardhi huyayeyusha taratibu. Ndiyo maana visima virefu vingi vya Bonde la Ufa, Afrika Mashariki, vina floraidi nyingi, na hali ni hiyo hiyo kwenye maeneo mengi ya India na China. Maji ya mvua karibu hayana kabisa. Kwa macho huioni, na pua haikusaidii. Usitegemee kipimo cha kisima cha jirani. Viwili vilivyo karibu vinaweza kutofautiana sana.

Hatua ya 2: Pima

Hapa naomba msiruke. Tumia chupa ya plastiki, si ya kioo, maana floraidi huweza kushikana na kioo. Acha pampu itoe maji kidogo kwanza, suuza chupa kwa maji yale yale, jaza, funga, andika chanzo na tarehe. Ukifika maabara sema wazi kwamba unataka floraidi, kwa sababu kipimo cha kawaida cha vijidudu hakiigusi.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Ukizidi hapo, meno ya watoto yako hatarini. Kuanzia 3 hadi 6, ukinywa kwa miaka mingi, mifupa nayo huanza kuathirika: viungo vinauma na mgongo unakakamaa. Zaidi ya 10 mtu anaweza kulemaa. Na mlo wenye upungufu wa kalsiamu huongeza madhara.

Wakati huo huo, floraidi kidogo hulinda meno yasitoboke. Mwanzoni mwa karne iliyopita daktari wa meno Frederick McKay aliwakuta watu wa Colorado Springs, Marekani, wana meno yenye madoa ya kahawia, lakini meno hayo yalikuwa magumu kuoza. Mpaka 1931 ndipo ikajulikana kwamba sababu ni floraidi ya majini. Mwaka 1945 mji wa Grand Rapids ukawa wa kwanza kuiongeza kwenye maji kwa makusudi. Mwaka 2015 Marekani ilipendekeza miligramu 0.7 kwa lita. Tazameni jinsi 0.7 na 1.5 zilivyo karibu. Ndiyo sababu nasisitiza kipimo.

Hatua ya 3: Chagua njia inayofanya kazi

Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki, kwa hiyo inakolea. Klorini haisaidii, chujio la mchanga halisaidii, la udongo pia. Zinazofanya kazi ni chujio la mkaa wa mifupa, chujio la alumina, mtambo wa kusukuma maji kupita kwenye utando mwembamba sana, au kutia shabu na chokaa, njia iliyopewa jina la Nalgonda, India. Mkaa wa mifupa na alumina huchoka, hivyo pima tena kila baada ya muda. Kama unaweza kukinga mvua, weka maji hayo kwa kunywa na kupikia tu. Ya kisima yawe ya kuogea na kufulia. Ngozi haifyonzi floraidi kwa kiasi cha kukudhuru.

Hatua ya 4: Dawa ya meno ibaki

Chini ya miaka 3, paka kiasi cha punje ya mchele. Miaka 3 hadi 6, kiasi cha njegere. Simama naye hapo mpaka ateme. Tatizo ni kumeza.

Hatua ya 5: Mafuta

Adui wa kwanza hapa ni mafuta ya maji yaliyogandishwa kiwandani kwa hidrojeni. Wilhelm Normann, Mjerumani, alipata hataza ya njia hiyo 1902. Ugandishaji usiokamilika huzalisha mafuta ya transi, ambayo hupandisha kolesteroli mbaya na kushusha nzuri kwa pamoja. Denmark iliyabana kisheria 2003, na Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi gramu 2 kwa kila gramu 100 za mafuta yote. Soma viambato vya siagi ya mimea, biskuti na keki. Ukikuta mafuta yametajwa pamoja na hidrojeni, rudisha rafuni.

Hatua ya 6: Jikoni

Mafuta yakitoa moshi unaowasha macho, umepitiliza, punguza moto. Yakishakuwa meusi, mazito na yenye povu lisilotulia, mwaga.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mwalimu. Binti yangu ana miaka 11, meno yana madoa ya kahawia. Nikibadili maji yatasafika?*

Marahaba. Hapana, mama. Madoa hayo yaliingia jino likiwa bado ndani ya fizi, kwa hiyo yanaonyesha maji aliyokunywa akiwa mdogo. Daktari wa meno anaweza kuyapunguza au kuyafunika. Lakini badili maji leo kwa ajili ya wadogo zake. Mpaka kama miaka 8 meno ya kudumu bado yanajengeka.

*Ni kweli floraidi inashusha akili za watoto?*

Mwaka 2024 mpango wa taifa wa kuchunguza sumu wa Marekani ulihitimisha, kwa uhakika wa wastani, kwamba kiwango kinachozidi 1.5 kinahusiana na akili kupungua kwa watoto. Kuhusu 0.7 walisema ushahidi hautoshi kuamua. Kwa mwenye kisima cha 4 au 5 sioni sababu ya kusubiri utafiti mwingine.

*Mafuta ya mbegu kama alizeti na soya yanaleta uvimbe mwilini, tuyaache?*

Majaribio kwa binadamu hayajaonyesha hivyo. Kinyume chake, kuyatumia badala ya mafuta yanayoganda yenyewe hushusha kolesteroli mbaya. Wasiwasi wenye msingi uko kwenye usafishaji wa kiwandani: joto likipita nyuzi 200 wakati wa kuondoa harufu huzalisha kemikali zisizotakiwa, na mafuta ya mawese ndiyo huathirika zaidi. Ukipata yaliyokamuliwa bila joto kali, yatumie kwa moto mdogo.

*Mimi huchuja mafuta niliyokaangia, halafu naongeza mapya juu yake. Inafaa?*

Haifai, ndugu yangu. Kuchuja kunatoa makombo tu. Yaliyoharibika yamebaki, nayo yanaharakisha kuharibika kwa yale mapya. Kaangia kiasi kidogo kwenye sufuria yenye mdomo mwembamba na kina. Kama yamebaki masafi, yafunike mbali na mwanga na uyamalize kwa kuungia chakula, usiyakaangie tena.