Kufundisha Sumaku na Sumakuumeme kwa Vifaa vya Mtaani

Mwalimu anayetaka watoto waielewe sumaku asianze na fasili ubaoni. Aanze na meza yenye vitu: msumari, sarafu za aina mbalimbali, kijiko, kipande cha sufuria ya alumini, kopo tupu la nyanya, waya wa shaba, ufunguo, kifutio, na sumaku moja iliyofunikwa kwa kitambaa. Kabla kitambaa hakijaondolewa, kila mtoto aandike daftarini vitu anavyodhani vitavutwa, na aandike kwa kalamu ya wino, ili asije akafuta ubashiri wake baada ya kuona jibu. Ubashiri ulioandikwa humfanya mtoto awe na hoja yake mezani, na anayejua kwamba huenda akakosea huitazama sumaku kwa macho mengine kabisa.

Karibu kila darasa nililofundisha, la watoto wa miaka 10 hadi 14, limebashiri kwamba vitu vyote vya metali vitavutwa. Sehemu ya kosa hilo imo katika lugha yetu wenyewe, kwa sababu katika mazungumzo ya kila siku neno chuma hubeba metali nyingi, hata sufuria ya alumini. Kwa hiyo mtoto anapoona sumaku ikipita juu ya alumini na shaba bila kutikisa chochote, kisha ikalinyakua kopo la nyanya, ndipo pa kumweleza kwamba chuma ni metali moja mahususi, na kwamba miongoni mwa metali za kawaida ni chuma, nikeli na kobalti tu zinazovutwa kwa nguvu ya kuonekana. Sarafu zichunguzwe moja moja. Baadhi zimetengenezwa kwa chuma kilichopakwa nikeli na zitavutwa, nyingine hazitavutwa, na watoto hupenda kubishana juu yake. Waache wabishane.

Vifaa na mahali pa kuvipata

Sumaku nzuri hupatikana kwa fundi redio, ndani ya spika iliyokufa. Ni pete nyeusi na nzito iliyogandishwa kwa gundi kati ya sahani mbili za chuma, na kazi ya kuitoa ni ya mtu mzima mwenye bisibisi na nyundo, kwa kuwa pete hiyo hukatika kama kigae. Waya wa shaba uliopakwa vanishi uombe kwa fundi anayesuka mota, ambaye huwa na mabaki mengi. Wenye unene wa nusu milimita unafaa sana. Ongeza misumari ya inchi nne, sindano za kushonea, klipu za karatasi, betri kubwa za tochi za volti 1.5, na waya laini ambao mafundi ujenzi huutumia kufungia nondo. Huo wa mwisho utaonekana mdogo, lakini una somo lake.

Katika usalama usilegeze hata kidogo. Umeme wa ukutani, betri ya gari na betri ya simu visiguswe kamwe katika majaribio haya, kwa kuwa vinaweza kuunguza waya, kuwasha moto au kuua. Vilevile usiwape watoto sumaku ndogo zenye nguvu kubwa zinazotoka kwenye vifaa vya kielektroniki: mtoto akimeza mbili, huvutana ndani ya tumbo na kubana utumbo katikati hadi kuutoboa.

Mchanga mweusi na sindano inayoelea

Jaribio ambalo sijawahi kuliona likimchosha mtoto yeyote ni la mchanga. Funga sumaku ndani ya mfuko mdogo wa plastiki, kisha mtoto aiburute polepole kwenye mchanga mkavu wa mto au wa ujenzi. Akiinua mkono ataona chembe nyeusi zimesimama kwenye plastiki kama manyoya ya paka aliyeshtuka. Akiuweka mfuko juu ya karatasi na kuitoa sumaku ndani yake, chembe zote huanguka pamoja. Asiyetumia mfuko atashinda akizikwangua kwa kucha. Chembe hizo kwa sehemu kubwa ni magnetiti, oksidi ya chuma iliyotoka kwenye miamba iliyosagika. Mkishapata kijiko kizima, tandaza karatasi juu ya sumaku, nyunyiza chembe kwa umbali wa shibiri moja, gongagonga ukingo wa karatasi kwa kidole, na mistari ya uga wa sumaku, yaani eneo ambamo nguvu yake inafika, itajichora yenyewe. Kila mtoto auchore mchoro huo daftarini kabla hajaambiwa jina lake.

Kisha mgeukie dira. Mtoto aishike sindano kwa tundu na kuisugua kwa uso mmoja wa sumaku, kutoka kwenye tundu hadi kwenye ncha kali, mara 30, akiinua sumaku juu kila anaporudi mwanzo. Asisugue kwenda na kurudi, maana safari ya pili huharibu kazi ya ile ya kwanza. Sindano iwekwe juu ya kipande cha jani au cha kifuniko cha plastiki kinachoelea katika beseni la plastiki, mbali na meza zenye miguu ya chuma. Itajizungusha taratibu na kutulia ikielekea kaskazini na kusini, na ukiisukuma kwa kidole itarudi palepale.

Kwetu pwani kuna njia nzuri ya kuithibitisha. Makka iko karibu longitudo moja na Mombasa na haiachani sana na Dar es Salaam, hivyo kibla katika miji hii huangalia karibu kaskazini kamili. Watoto wakatazame upande unaoelekea mihirabu ya msikiti wa mtaa wao, kisha warudi kwenye beseni. Wanapoona kwamba sindano ya dukani inakubaliana na jengo lililosimama tangu zamani za babu zao, huacha kuiona dira kuwa mchezo.

Kwa walio wakubwa kidogo, ongeza jambo moja. Ning'iniza sindano kwa uzi uliofungwa katikati mpaka ilale sawasawa kabla ya kusumakishwa. Baada ya kusumakishwa, upande wake unaoelekea kusini utainama. Hilo hutokea kwa sababu ikweta ya sumaku, ambapo uga wa dunia hulala sambamba na ardhi, hupita Ethiopia, nasi tuko kusini yake. Mtu wa Uingereza akifanya jaribio hilohilo, upande wa kaskazini ndio utakaoinama.

Mwishoni mwa sehemu hii, ishike sindano iliyosumakishwa kwa koleo juu ya makaa mpaka iive nyekundu kabisa, iache ipoe, kisha irudishe majini. Haitaelekea popote. Chuma kikifika nyuzi 770 za sentigredi, mpangilio wa sumaku ndogondogo zilizomo ndani yake huvurugika. Hapa sasa mtoto anao ushahidi mkononi wa maelezo ambayo vitabu humtaka ayakariri tu.

Kutoka kwenye waya hadi kwenye sumakuumeme

Mwaka 1820 huko Copenhagen, mwanasayansi wa Denmark Hans Christian Ørsted aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya uliokuwa ukipitisha umeme. Rudieni jaribio lake kwa beseni lilelile. Nyoosha waya juu ya sindano inayoelea, uelekee kaskazini na kusini kama sindano yenyewe, kisha gusisha ncha zake kwenye betri kwa sekunde moja au mbili. Sindano itaruka upande. Geuza betri, itaruka upande mwingine. Pitisheni waya huo chini ya beseni na muulize kitakachotokea kabla hamjagusa betri. Usiwape jibu, hata wakikusihi.

Baada ya hapo msumari unazungushiwa waya ili uwe sumakuumeme, yaani sumaku inayotokana na umeme. William Sturgeon, Mwingereza aliyejifunza kwanza ushonaji wa viatu, alionyesha mwaka 1825 kipande cha chuma cha takriban gramu 200 kilichozungushiwa waya mara 18, nacho kikainua takriban kilo 4. Yeye alipaka vanishi chuma, waya ukabaki wazi. Joseph Henry, aliyekuwa mwalimu wa shule mjini Albany katika jimbo la New York, aliufunika waya wenyewe kwa hariri, akaweza kuupanga tabaka juu ya tabaka, na kufikia mwaka 1831 sumakuumeme yake ilikuwa ikiinua zaidi ya kilo 900. Vanishi iliyo kwenye waya wetu inafanya kazi ya ile hariri: hulazimisha umeme uzunguke mizunguko yote badala ya kuruka kutoka waya hadi waya.

Vanishi hiyohiyo ndiyo iliyonifundisha kufundisha. Siku yangu ya kwanza na somo hili, karibu vikundi vyote vilikuwa na misumari iliyozungushiwa waya vizuri kabisa isiyoinua hata klipu moja. Nilijua sababu, na neno lilikuwa limeshafika mdomoni, lakini nikanyamaza. Walibadilisha betri, wakakaza waya, wakabadilisha msumari. Baada ya muda msichana mmoja alikwenda kutazama kikundi pekee kilichofaulu, akashika waya wao, akauleta karibu na jicho, akasema ncha zao zinang'aa na zetu ni za kahawia. Wembe ulipita darasani, kila kikundi kikakwangua vanishi kiasi cha sentimita mbili kila upande, na klipu zikaanza kupanda. Tangu siku hiyo siwaambii wakwangue. Ninahakikisha tu kwamba kikundi kimoja kina waya uliokwishakwanguliwa, kisha ninasubiri, na kazi yenyewe ya kukwangua ninaisimamia kwa karibu.

Swali la kupima ni hili: je, mizunguko ikiongezeka, nguvu huongezeka? Walimu wengi hukata waya mfupi kwa mizunguko 20 na mrefu kwa mizunguko 80, nao huharibu jaribio bila kujua, kwa kuwa waya mrefu una ukinzani mkubwa, yaani huzuia umeme zaidi, na hupunguza mkondo wake. Kila kikundi kikate mita 4 na kitumie waya huohuo mwanzo hadi mwisho. Sehemu isiyozungushwa ilazwe mezani kwa kupindapinda, si kwa kuviringishwa. Wapime kwa mizunguko 20, 40, 60 na 80, kila hatua mara tatu, wakihesabu klipu na kuandika hesabu hata isiyowapendeza. Betri iguswe kwa sekunde tano tu, kisha iachwe ipumzike. Waya ukianza kupata joto, wameshikilia mno. Klipu zitaongezeka, lakini si lazima kwa hatua zilizo sawa, kwa sababu betri huchoka na klipu hunasana zenyewe. Mazungumzo juu ya sababu hizo yana thamani kuliko grafu iliyonyooka.

Sasa toa ule waya wa nondo. Kata vipande 20 vya urefu wa msumari, vifunge pamoja, uvizungushie waya uleule mara 80. Umeme ukikatwa, klipu hudondoka mara moja. Rudia kwa bisibisi, na nyingi zitabaki zimening'inia. Waya wa nondo ni chuma laini, kinachosahau usumaku wake upesi. Bisibisi ni chuma cha pua kigumu, kinachokumbuka. Mashine za kupakia vyuma chakavu huhitaji kiini, yaani chuma cha katikati ya waya, kinachosahau, la sivyo mzigo usingeachiwa.

Kwa ncha za sumakuumeme, sogezeni kichwa cha msumari karibu na sindano inayoelea na mwone ni upande upi unaosukumwa. Mtoto aushike msumari kwa mkono wa kulia, vidole vikifuata njia ya umeme kutoka upande chanya wa betri. Gumba litaonyesha ncha ya kaskazini. Ageuze betri, abashiri upya, kisha ajaribu.

Kipindi kinachofuata, leta dainamo kuukuu ya baiskeli na uifungue mbele yao bila kusema kitu. Ndani watakuta waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi na sumaku inayozunguka, bila betri popote. Waandike kwa wino wanavyodhani inawashaje taa, kisha mwunganishie mmoja wao balbu na kumwachia azungushe.